Miezi kumi na moja bila watoto: shajara ya matayarisho ya kambi, Pemba 2024

Kambi yetu ni ya siku kumi kwa mwaka, likizo ya Disemba, watoto 40 wa umri wa miaka 8 hadi 13. Iko kaskazini mwa Pemba, wilaya ya Micheweni, kwenye rasi ileile yenye Msitu wa Ngezi. Siku kumi hizo kila mtu anaziona. Hii ni shajara ya miezi iliyobaki. Naiandika kwa mwenzangu yeyote anayetaka kufungua kambi kwao, ajue wapi pesa huingia na wapi hupotea. Bei ni zile tulizolipa sisi.

6 Januari 2024: tulipoanzia

Kambi iliyopita ilikuwa 15 hadi 24 Disemba 2023. Nimekaa na walezi wote sita, tukaandika yaliyotushinda. Nilidhani itakuwa orodha ndefu ya mambo mbalimbali, kumbe yote ni maji. Maji ya juu: bweni la makuti lilivuja usiku tatu, na vuli ile ilikuwa ya El Niño, mvua haikuwa na simile. Maji ya chini: kisima kimoja, ndoo moja, watoto wanapanga foleni ya kuoga tangu alasiri mpaka inaadhiniwa magharibi. Maji ya mbele: ratiba ilisema kuogelea saa nne asubuhi kila siku, na siku nne za mwanzo saa nne ilipofika bahari ilikuwa imekwenda zake. Watoto walitembea juu ya miamba na nyasi za baharini, wawili wakachomwa miiba miguuni.

Mtoto mmoja wa kike aliamka usiku wa tatu godoro lake limerowa upande mzima. Hakulia wala hakumwita mtu. Alihama akalala na mwenzake, asubuhi ndiyo tukajua. Tangu siku ile sijawahi kulitazama paa lile nikaridhika.

Tuna akiba ya shilingi 4,500,000.

17 Februari: pampu kubwa

Hili ndilo kosa la kwanza na ni langu peke yangu. Nilisema foleni ya ndoo dawa yake ni pampu. Nikaenda Chake Chake nikanunua pampu yenye nguvu, shilingi 680,000, nikaiteremsha mpaka karibu na sakafu ya kisima ili isikose maji. Siku ya kwanza tulijaza tangi la kuogea la lita 2,000 kwa muda usiozidi saa moja. Tulifurahi sana. Siku ya pili vilevile. Siku ya nne mpishi aliniletea chai akaniambia, "Mwalimu, onja." Chai ilikuwa na munyu.

Sabuni nayo haikutoa povu. Majirani wawili wenye visima vya karibu wakaja kuuliza, kwa adabu, tunafanya nini huko ndani. Hilo liliniuma zaidi kuliko chai.

Mwalimu wa sayansi wa skuli ya jirani alinieleza kilichotokea, nami nakieleza hapa kwa sababu pwani zetu za mawe ya matumbawe karibu zote ziko hivi. Maji baridi ya mvua, yaani yasiyo na chumvi, hayana mto chini ya ardhi. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya kwenye jiwe, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa hesabu ya kitabuni, kila sentimita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na kiasi cha sentimita 40 chini yake. Ukichota kwa pupa ukashusha ule usawa wa juu kidogo tu, chumvi inapanda kutoka chini kwa kiasi kikubwa. Nami pampu nilikuwa nimeiweka chini kabisa, tena Februari, katikati ya kiangazi cha kaskazi, mvua haijanyesha muda mrefu.

Tumezima. Tutasubiri.

9 Machi: kisima kinarudi

Wiki tatu bila pampu. Wiki ya kwanza ladha haikubadilika, wiki ya tatu sabuni ikaanza kutoa povu. Nimeuza pampu kubwa kwa 450,000 kwa mtu wa mbali na pwani mwenye kisima kirefu, nikanunua ndogo kwa 310,000. Tumeitundika kwa kamba sentimita 40 tu chini ya uso wa maji, na kanuni ni hii: dakika 20 inavuta, saa mbili inapumzika. Tangi la lita 2,000 linajaa kwa siku nzima badala ya saa moja. Linatosha, mradi mtu aanze baada ya sala ya alfajiri. Maji yakishuka chini ya pampu, pampu inazimwa, haishushwi.

Tulipokuwa tumekipumzisha kisima tulikisafisha pia: mafundi wawili, 120,000, wakatoa tope, vifuu, na ndoo mbili zilizokatika kamba miaka iliyopita. Halafu klorini ya unga. Hesabu yake watu huikisia, nami naiandika. Kisima kina kipenyo cha mita 1.2, maji yamesimama mita 1.5, hivyo ni kiasi cha lita 1,700. Kwa miligramu 50 kwa lita, na unga wenye nguvu ya asilimia 65, inahitajika kiasi cha gramu 130. Tuliukoroga kwenye ndoo ya maji kwanza, tukamwaga, tukasuuza kuta kwa maji yaleyale, tukafunika usiku kucha bila mtu kuchota. Kesho yake tulitoa maji kidogo kidogo mpaka harufu ikaisha, siku mbili. Klorini ilitugharimu 15,000.

Ramadhani inaingia wiki ijayo. Kazi nzito zinasimama.

20 Aprili: magodoro, na tangi la mvua

Baada ya Idi tulifungua stoo. Magodoro 40 yalikuwa yamepangwa moja juu ya jingine, sakafuni, mlango umefungwa tangu Disemba. Kumi na moja yameota kawa mpaka ndani ya sponji. Tulijaribu kuyaanika jua siku tano, tukayapiga, tukayasugua kwa siki. Madoa yalipungua, harufu haikuondoka, na mtoto mwenye pumu hawezi kulala juu ya kitu kile. Tumeyatupa. Magodoro 11 kwa 55,000 ni 605,000. Tumetengeneza kichanja cha mbao, 95,000, magodoro yanasimama wima yakiachana kiganja, dirisha la wavu liko wazi, na kila mwisho wa mwezi yanatolewa juani. Kama ningekitengeneza Januari ningeokoa zaidi ya laki sita.

Tangi la mvua ni kwa sababu kisima sasa tunakihurumia. Maji ya kunywa na kupikia yatoke mbinguni, ya kisima yawe ya kuoga na kufulia. Paa la makuti halifai, maji yake yanatoka ya rangi ya chai. Lakini jiko lina mabati, mita 8 kwa 5, yaani mita za mraba 40. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo mvua ya milimita 20 ingetupa lita 800, tuseme 640 ukitoa zinazorukia nje na kupotea. Watu 48, lita 7 kila mmoja kwa siku, siku kumi, ni lita 3,360. Tangi moja la lita 5,000 linatosha. Tangi 980,000, milizamu na mabomba 210,000, msingi wa matofali na saruji 165,000.

6 Mei: mvua ya kwanza ndani ya tangi

Mwanzoni mwa mwezi Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya Kimbunga Hidaya. Tulifunga kila kitu kwa kamba, tukateremsha vipande vya milizamu ambavyo havijashika. Kilipita kusini yetu, upande wa Mafia. Alhamdulillahi.

Mvua zilipotulia nikafungua bomba la tangi jipya kwa fahari. Maji yalikuwa na vumbi, majani, na kinyesi cha ndege na mijusi. Mabati yalikuwa yamekaa na uchafu wa kiangazi chote, na mvua ya kwanza iliyaosha yakamwagikia tangini. Lita 1,400 tumemwagia migomba.

Tulivyorekebisha: kabla ya bomba kuingia tangini tumeweka bomba jingine nene linaloteremka wima, chini lina kifuniko cha kufungua kwa mkono. Maji ya mwanzo yanajaza lile kwanza, yakishajaa ndipo mengine yanapita kwenda tangini. Baada ya mvua mtu anafungua kifuniko, uchafu unatoka. Mdomo wa tangi umezibwa kwa wavu wa mbu mara mbili. Vipande vya bomba vilikuwa masalio, hatukulipa.

25 Mei: makuti yaliyooza

Fundi mwezekaji wa zamani hayupo tena nasi. Huyu mpya ni mzee wa kijiji cha jirani, amezeeka kwenye kazi hii. Alipanda ngazi, akatazama, akateremka hana haraka. "Paa limelala, Mwalimu. Maji yakifika hapa yanakaa kitako." Kutoka ukutani hadi katikati ni mita 3, na boriti ya kileleni ilikuwa imenyanyuka mita 1.5 tu. Anataka mita 3 kwa 3. Pia fito zinazofungiwa makuti zilikuwa zimeachana sentimita 15, yeye anataka 10.

Hiyo tofauti ndogo ina bei. Paa lote, na mapaa yanayoning'inia, ni kama mita za mraba 147. Kwa sentimita 15 unahitaji kuti 980 za viungo zenye upana wa mita moja. Kwa sentimita 10 ni 1,470, nasi tukaandika 1,500. Nimeelewa sasa aliyetujengea mwanzo alipunguzia wapi.

Basi nikafanya haraka. Mtu alinipa makuti 900 kwa 450 moja, wakati bei ya kawaida ni 550. Yalikuwa mabichi, yameshonwa wiki ile katika masika, nami niliyarundika chini ya turubai yasirowe. Baada ya siku 16 nilipotia mkono katikati ya rundo palikuwa pamoto kama sufuria. Yamechacha. Kuti 520 zimekuwa nyeusi na kulainika, zilizobaki 380 ni nzima. Hasara ni 234,000.

Mzee hakunilaumu. Aliniambia tu makuti hukaushwa kwanza kivulini penye upepo, yakisimamishwa, na rundo likibidi liwe juu ya magogo na lisifunikwe pande zote. Yaliyobaki 1,120 nimeagiza kwa akina mama wanaoshona pale kijijini, yaletwe makavu, kwa makundi, baada ya masika. Bei 550, jumla 616,000.

13 Julai: walezi wajifunze kuogelea

Sikuwahi kuuliza. Kwa kuwa wote sita wamezaliwa pwani nilidhani bahari wanaijua. Nilipouliza, wanne hawawezi kuogelea penye kina kinachowapita kimo. Mmoja wao baba yake ni mvuvi na yeye analima mwani. Kambi mbili tumewaweka ufukweni kulinda watoto wa watu. Nimelala na jambo hili kifuani usiku mwingi, na kama kuna sehemu moja ya shajara hii ningependa isomwe ni hii. Waulize walezi wako, mmoja mmoja, kisha waone majini kwa macho yako.

Mafunzo ya kwanza tuliyafanya vibaya. Tulikwenda Vumawimbi kwa sababu mchanga wake ni mzuri, mwezi wa Julai, kusi limeshika. Ufukwe ule jina lake linatosha kukupa habari, sisi hatukulisikiliza. Mawimbi yalitutoa baada ya nusu saa. Halafu mkufunzi alikuwa mwanamme, na walezi wa kike watatu walibaki wamekaa juu ya mchanga na mitandio yao. Hakuna aliyewakataza kuingia majini, wala hakuna aliyewawekea njia ya kuingia.

Tukaanza upya upande wa magharibi wa rasi, penye maji matulivu. Tulimleta mwalimu mwanamke kutoka Unguja, nauli ya boti ndani ya malipo yake, 150,000. Wanawake asubuhi peke yao, wanaume jioni. Mavazi: suruali, fulana ndefu ya mikono, mtandio mfupi wa kubana kichwa. Mtandio mrefu na kanga zinakaa ufukweni, zikirowa zinavuta chini na zinaweza kukaza shingo. Siku sita, posho ya 5,000 kwa siku kwa kila mlezi, 180,000. Jambo la kwanza alilowafundisha si kuogelea. Ni kurusha: boya lenye kamba, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa kamba, ukiwa umesimama pakavu. Mtu anayezama humkamata anayemfuata wakazama wawili. Maboya, kamba na jaketi okozi sita za mkono wa pili ni 240,000.

Siku ya sita wote sita walielea chali dakika tano bila kushika kitu. Yule binti wa mvuvi alitoka majini akaniambia, "Mwalimu, nitamfunza na mama."

31 Agosti: karafuu

Fundi alipandisha nguzo na makombamoyo (miti ya mshazari inayobeba paa) wiki mbili za mwanzo za mwezi. Nguzo ni za mvinje wa kupanda, mikoko hatukukata kwa sababu ndiyo inayoushika ufukwe wetu. Boriti, makombamoyo na fito 540,000, kamba za makumbi 85,000.

Ghafla wasaidizi wake wote watatu hawakuja. Karafuu zimeiva. Anayejua kupanda mti hawezi kubaki kwenye paa langu wakati karafuu zinamlipa kwa kila pishi anayochuma, na sina haki ya kumkasirikia. Kosa ni la ratiba. Mtu wa Pemba hapangi kazi ya mikono Agosti mpaka Oktoba bila kuuliza karafuu zikoje mwaka huo. Bweni limekaa wazi, mbavu nje. Mwakani kazi yoyote ya paa inaanza Juni, masika yakimalizika.

5 Oktoba: paa

Limekwisha. Tulifanya kazi na wasaidizi wawili tu, alasiri, baada ya wao kutoka mashambani. Ilichelewesha wiki tano lakini hatukulipa zaidi: fundi na wenzake 650,000 kama tulivyoagana. Paa zima, na hasara ndani yake, ni 2,296,000.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha usiku. Nilichukua taa nikaingia bwenini peke yangu, nikaweka mkono juu ya kila kitanda, vyote 40. Pakavu. Sehemu moja tu, juu ya mlango wa nyuma, tone moja kila baada ya muda. Fundi alikuja asubuhi, akaongeza kuti nne.

9 Novemba: ratiba ya bahari, na pesa

Safari hii ratiba nilimpelekea nahodha mzee kabla ya kumpelekea mtu mwingine. Baada ya shikamoo akaniuliza kambi inaanza mwezi ngapi. Nikasema Disemba. "Sikuulizi Disemba. Mwezi ngapi?" Alikuwa anauliza mwezi wa mbinguni.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku moja mbili baadaye ni bamvua: kwetu maji yanakuwa makavu kama saa nne asubuhi na yamejaa kama saa kumi jioni. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yanajaa asubuhi na hayaendi mbali. Mwaka jana tulianza siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, tukapanga kuogelea asubuhi. Ilikuwa lazima tukose.

Mwaka huu mwezi utakuwa mpevu 15 Disemba, ndani ya Mfungo Tisa, mwezi wa tisa baada ya Ramadhani. Tunaanza 16. Siku nne za mwanzo kuogelea ni alasiri, na asubuhi watoto watatembea juu ya miamba wakiwa na viatu, pamoja na mlezi na mvuvi mmoja, kutazama viumbe. Siku za katikati, maji yanapojaa magharibi, hakuna kuogelea kabisa: ndipo tunakwenda Ngezi na mwongozaji wa msitu, na jioni kuwatazama popo wa Pemba wakiruka, ambao hawapatikani kwingine duniani. Siku za mwisho kuogelea ni asubuhi. Wasichana na wavulana kwa zamu, na zamu ya wasichana inasimamiwa na walezi wanawake watatu. Nililieleza hili kwenye mkutano wa wazazi mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa eneo letu. Mama watatu waliowazuia binti zao mwaka jana wametia saini.

Pesa: paa 2,296,000, pampu, baada ya kuuza kubwa na kununua ndogo, 540,000, kisima 135,000, tangi la mvua 1,355,000, magodoro na kichanja 700,000, mafunzo na vifaa vya majini 570,000. Jumla 5,596,000. Upungufu ni 1,096,000, tumeuziba kwa ada ya mapema ya watoto 11, shilingi 100,000 kila mmoja. Maana yake chakula cha kambi kinategemea ada za 29 waliobaki, na hilo linanibana. Wazazi wanne wameomba kulipa kwa mchele na nazi. Tumekubali, kwa bei ya soko la Konde ya siku ile.

30 Novemba: usiku wa majaribio

Tumelaza watoto sita wa walezi na majirani usiku mmoja, kila kitu kikiwa kama kambi. Tangi la mvua lina lita 4,000 na kidogo. Pampu ilianza saa kumi na moja na nusu alfajiri, maji ya kisima hayakuwa na munyu. Mvua ilinyesha kabla ya alfajiri, hakuna aliyeamka.

Kilichoonekana ni kimoja ambacho hatukukiandika popote: njia ya chooni ni giza, na mtoto mdogo kuliko wote alikaa macho muda mrefu akiogopa kwenda peke yake. Kesho tunaweka taa mbili za sola njiani, na mlezi mmoja wa zamu kitini karibu na mlango. Watoto wanaingia Jumatatu, 16 Disemba, baada ya chai ya asubuhi.